Betri ya Shemeji

Redio ndiyo iliyotangulia kufa.
Mtangazaji alikuwa katikati ya bei ya ufuta
akanywea, akawa nzi ndani ya chupa,
kisha kimya.
Nikapita Bondo taa zangu zikiwa rangi ya chai,
halafu rangi ya chai iliyoongezwa maji,
na kwenye dashibodi kile kipicha cha betri
kikipepesa wekundu wake
kama mtu mwenye neno na hofu ya kulisema.

Mimi nilikwisha kuhukumu.
Betri aliniuzia Acidri, ndugu wa mke wangu,
mwenye kibanda pale Ediofe. Ya pili hiyo, ndani ya miezi mitano.
Nilimwambia mbele ya wateja wake:
unauza maboksi ya maji.
Sikukuu ikapita hatukupeana mkono.
Mke wangu alipika, akapakua, hakutia neno;
masufuria yakasema kwa niaba yake.

Khemisa wa Oli hana kibao cha gereji.
Ana turubai, matairi mawili ya kukalia,
na mita ya njano iliyofungwa kwa plasta ya kidonda.
Alifungua boneti, akaniuliza habari za usiku:
nini kilizimika kwanza?
Nikamweleza. Nikamalizia na shemeji.
Hakuinua macho.

Betri ilikuwa imelala kwenye chaji kwa jirani.
Akaigusisha nyaya mbili, injini ikiwa kimya.
"Kumi na mbili na nusu. Huyu mzima. Ana njaa tu."
Akawasha. Namba ilipaswa kupanda;
ikateremka, polepole, kama mtu ashukaye kisimani.
Akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba: umekaza.
Akachukua mpini wa nyundo
akaigonga alternata mgongoni, ko, ko,
na mita ikaruka: kumi na tatu na nukta tisa!
Pumzi moja.
Ikaanguka tena.
Akacheka peke yake,
kama aliyemdaka mwizi mkono ungali mfukoni.

Kulaumu kulinichukua dakika moja.
Nati ya kumi na nne iliyoota kutu
ilituchukua saa nzima, na ngozi ya goti langu.
(Kwanza aling'oa waya wa hasi. "Huu hauna utani.")
Ndani, vumbi jeusi. Pete za shaba zimefanya giza.
Brashi mbili za makaa: moja ina urefu bado,
nyingine imelika hadi ukucha wa mtoto,
haifikii tena ilichozaliwa kukigusa.

"Mgombanishi wenu huyu hapa," alisema.

Kwenye mkebe wa majarini alichagua brashi za gari jingine,
akazisugua kwenye saruji hadi zikakubali kuingia,
akalehemu; moshi ukamwingia jichoni,
akatukana kwa Kinubi, taratibu, bila chuki.
Pete akazipitishia msasa laini.
Kijiti cha ufagio kikazizuia brashi zisichomoze
hadi kila kitu kikarudi mahali pake,
kisha akakichomoa, akakitia mdomoni
achokolee meno.

Kumi na nne na nukta mbili. Akaniamuru niwashe taa zote, feni, hata honi.
Namba haikutikisika.
Redio ikarudi na kifua chake chote
ikisoma salamu za watu nisiowajua
kwa shemeji zao.
Nikaizima.

Niliiomba ile brashi iliyolika.
Alinipa ndani ya karatasi ya sigara, hakuuliza.

Sasa nimeegesha mbele ya kibanda cha Ediofe.
Injini inanguruma, nami sina sababu ya kuiacha,
ila nikiizima itabidi nishuke,
na sentensi ya kwanza bado sijaipata.
Kipande cheusi ki kiganjani. Kinachora kila kinapogusa.
Acidri ameniona.
Anafuta betri kwa kitambaa,
ileile moja, mara ya tatu.